Juu ya Kufundisha Uandishi Chuoni

Wengi hudhani ya kuwa kijana aingiaye chuo kikuu amekwisha kujua kuandika, na kama hajui, somo moja la mwaka wa kwanza latosha kumtengeneza. Sisi tukaao Mbweni (ile ya pwani ya Dar es Salaam, si ile ya Unguja) twaiona dhana hiyo kuwa pungufu.

Tangu 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, lakini za sekondari kwa Kiingereza. Basi kijana hufika chuoni hali akifikiri kwa lugha moja na kujibu mtihani kwa nyingine, naye hujikinga kwa kunakili. Kwa ajili ya shida hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano mwaka 1978. Ni kazi njema, ila walimu wa masomo mengine wasidhani kwamba wamekwisha kutuliwa mzigo.

Mfano ulio bora twaupata kabla ya hapo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo hicho walikwenda kwa wazee waliovikumbuka Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, wakayaandika waliyoambiwa, kisha wakatunga makala. Mwanafunzi wa namna hii hana pa kunakili. Mzee akisema habari ya pamba ya kulazimishwa, na mwingine habari ya dawa ya Kinjikitile, yampasa ayapime maneno yao na kueleza kwa nini ameegemea upande huu.

Vita hivyo hivyo vyaweza kumlea miaka yote. Mwaka wa kwanza na afupishe taarifa moja kwa maneno yake mwenyewe. Wa pili, alinganishe mbili zisizopatana. Wa mwisho, aulize swali lake. Na kila mwaka mwalimu alitazame neno “kwa hiyo”, maana wengi huliandika pasipo sababu yo yote iliyotangulia.

Wenzetu watasema madarasa yana mamia ya watu. Ni kweli, wala hatuwadai wasome kila ukurasa. Aya moja ya rasimu, ikisomwa na kurudishwa kabla ya alama kutolewa, humfaa mwanafunzi kuliko wino mwekundu juu ya kazi ambayo hataigusa tena.