Kivu Kusini: Mama dende anayenyonyesha atunzwe namna gani?

Katika Walungu, Kabare na vijiji vingine vya Kivu Kusini, jamaa nyingi hufuga dende jikoni. Hahitaji shamba kubwa, na wakati wa uporaji ni rahisi kumficha kuliko mbuzi. Lakini watoto wake wakifa, pesa ya masomo nayo inapotea.

Dende hubeba mimba siku 68 hivi, kisha huzaa mara nyingi watoto 2 hadi 4. Wanazaliwa na manyoya, macho wazi, na wanaanza kuguguna majani mapema. Hata hivyo wanahitaji maziwa kwa wiki 3, na mama ana chuchu 2 tu.

Jike anaweza kushika mimba tena saa chache baada ya kuzaa. Anayetaka apumzike amtenge dume kabla ya siku hiyo. Mwili wa dende hautengenezi vitamini C: mama apewe majani mabichi kila siku, kama matembele, pamoja na maji safi. Majani ya avoka na ya viazi vizungu ni sumu.

Wakitimiza wiki 3, watoto wa kiume watengwe, la sivyo watapanda mama na dada zao.