KAZI NI TUTA, SI MAJI

Ndugu msikilizaji, msikilizaji mwenzako wa Katindiuka, Ifakara, amesikia kuwa wataalamu wa Ulaya wanatengeneza "jua" ndani ya mtambo ili wapate umeme. Anauliza: mbona miaka inapita na umeme wenyewe hatuuoni?

Jibu nalitafuta kwenye jaruba la mpunga. Mkulima wa bonde la Kilombero anajua kwamba kujaza maji si kazi; kazi ni tuta.

Katika mitambo hiyo, hidrojeni nzito hupashwa joto hadi nyuzi milioni 150, mara kumi ya joto la kiini cha Jua. Hapo atomi huvunjika, na gesi hugeuka kuwa plazima, mchanganyiko wa chembe zenye umeme. Hakuna chungu cha kuistahimili, kwa hiyo huzuiwa kwa nguvu za sumaku. Sumaku ndiyo tuta lake.

Matata yako ukingoni. Plazima hutiririka, na ndani yake huzuka mizunguko midogo kama ya maji ya mto, inayobeba joto na kulitupa nje. Mwaka 1982, mjini Garching, Ujerumani, Fritz Wagner na wenzake waliona ajabu: nguvu ya kupasha joto ilipofikia kiwango fulani, uvujaji ulipungua ghafla. Wataalamu wengi hueleza kuwa pale ukingoni tabaka moja la plazima hukimbia kuliko jirani yake, na tofauti hiyo ya mwendo huikatakata mizunguko kabla haijakua. Tuta likawa limejijenga lenyewe.

Lakini tuta lililozidiwa na maji hupasuka. Ukingo wa plazima nao hupasuka mara kwa mara na kumwaga joto ukutani. Katika mtambo wa ITER, unaojengwa Ufaransa, vigae vya chini vinatakiwa kuhimili megawati 10 kwa kila mita ya mraba. Mtambo wa JET wa Uingereza ulitoa megajuli 69 mwaka 2023, joto linalolingana na takriban uniti 19 za umeme, nao ulitumia nguvu nyingi kuliko ulizotoa. Mwaka huohuo ukazimwa.

Basi, ndugu yangu wa Katindiuka, umeme huo tusiusubiri mlangoni. Wetu uko karibu. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha umeme Februari 2024, linategemea mto Rufiji, na Kilombero ni mmoja wa mito mikubwa inayoulisha. Mtambo huo nao una ukingo wake, nao ni kingo za mto wetu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

Wenzetu wamehangaika na ukingo wa moto kwa zaidi ya miaka 40. Sisi tumepewa ukingo wa udongo na matete, na bado wapo wanaolima hadi jembe linagusa maji.

Tukutane wiki ijayo.