Sauti za ufuko wa Kivu: dola 20 zinatosha

Unataka kunasa mawimbi ya Ziwa Kivu, ndege wa alfajiri na makasia ya wavuvi wa sambaza upande wa Kirotshe? Kabla hujafungua mfuko, pima njia hizi tatu.

Ya kwanza ni simu uliyo nayo. Programu yake ya kurekodi imetengenezwa kwa ajili ya maneno ya mtu. Wimbi huliona kelele na kulififisha. Pakua programu ya bure inayohifadhi WAV na inayokubali kuzima marekebisho ya sauti. Gharama iliyojificha ni nafasi: saa moja ya stirio hula takriban MB 635. Usiitume rekodi kwa mayunite, ipeleke kwa kadi ya kumbukumbu. Kadi ya GB 32 hubeba saa 50 hivi, ila za bandia zimejaa sokoni: ijaribu kabla hujaondoka.

Ya pili ni mikro ndogo ya waya, dola 10 hadi 20. Hesabu mistari myeusi kwenye pini: mitatu ni ya simu, miwili ni ya kamera. Simu isiyo na tundu itakudai adapta juu ya bei hiyo, na waya hukatika mapema pale unapoungana na pini.

Ya tatu ni kinasa sauti cha mkononi, kuanzia dola 100 hivi bila usafiri. Sauti yake ni safi na hudumu miaka, lakini hula betri, na kadi hununuliwa kando. Kagua pia noti zako: dola yenye mpasuko mdogo tu hukataliwa.

Adui wa njia zote tatu ni upepo, na sponji nyembamba haiuzuii. Nunua kofia ya mtumba yenye manyoya marefu, fundi cherehani akushonee kifuniko. Hakuna pesa itakayokufaa zaidi ya hiyo.

Lakini usiukimbie upepo kwa kushuka mabondeni kati ya Goma na Sake. Huko kuna mazuku: hewa ya ukaa hutuama chini, hasa usiku na alfajiri, haionekani, na inaua. Simama juu, heri rekodi yenye upepo.

Mwenye dola 20 anunue kadi na kifuniko, atumie simu yake. Kinasa sauti kingoje mpaka apatikane wa kumlipa.