Nukta 1,024 za Susan Kare

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniuliza: ile alama yenye vitanzi vinne kwenye kibodi ya Mac ni nini, na imetoka wapi? Jibu fupi ni kwamba ni alama ya vibao vya barabarani vya Uswidi, inayomwonyesha mgeni mahali penye kitu cha kutazama. Aliyeifikisha kwenye kompyuta ni Mmarekani Susan Kare. Jibu refu ndilo ninalolipenda mimi, nalo linaanzia kwenye daftari la viboksi.

Kare alizaliwa Ithaca, New York, mwaka 1954. Mwaka 1978 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha New York kwa tasnifu kuhusu katuni katika uchongaji. Kompyuta hakuzisomea. Mwaka 1982 alikuwa akiunga vyuma kutengeneza sanamu ya nguruwe aliyoagizwa na jumba la makumbusho la Arkansas, mara simu ikalia. Alikuwa Andy Hertzfeld, rafiki yake wa tangu sekondari, sasa mwandishi wa programu wa Apple. Walihitaji picha na herufi za mashine mpya, Macintosh, naye akamwambia anunue daftari la viboksi vidogo aanze kujaza. Habari za Steve Jobs wa Apple na vita vya makampuni zimeandikwa mno. Mimi nabaki na viboksi.

Skrini ya Macintosh, iliyotoka Januari 1984, ilikuwa na nukta 512 kwa upana na 342 kwa kimo. Kila nukta ama nyeusi ama nyeupe, basi. Picha moja ya Kare, iwe pipa la taka au bomu la kutangaza kwamba mashine imekwama, ilipewa uwanja wa nukta 32 kwa 32, yaani 1,024. Kwa kuwa kila nukta ni biti moja, picha nzima ilikaa ndani ya baiti 128. Ujumbe mmoja wa SMS hubeba baiti 140, kwa hiyo bomu lile lingeingia humo na nafasi ikabaki.

Sasa chora mstari wa mshazari katika uwanja huo. Ukipanda nukta moja kila unapokwenda kando nukta moja, unapata ngazi ya vidato vilivyo sawa, na jicho huisoma kama mstari ulionyooka. Punguza mwinamo, uende kando nne ndipo upande moja, na kila kidato kinakuwa kirefu hata jicho linakiona. Mahali pengine inakubidi uende nne, kisha tatu, kisha nne tena, na hapo mstari unageuka msumeno. Ndiyo maana Kare alipochora Chicago, fonti ya menyu za Macintosh, aliamua kwamba mstari wa herufi utasimama, utalala, au utainama kwa nyuzi 45. Hakuna mwinamo mwingine.

Mama yangu alikuwa akidarizi vitambaa vya makochi kwa mishono ya misalaba, akihesabu nyuzi za kitambaa kwa ncha ya sindano. Kimoja ninacho hadi leo, kimeandikwa KARIBU kwa uzi mwekundu. Mikono miwili ya K inapanda na kushuka mshono kwa mshono, nayo imenyooka kama rula. Tumbo la B halina mviringo wowote: kila pembeni ameruka mshono mmoja tu, jicho likamalizia lenyewe. Shida ilikuwa A. Aliitaka nyembamba, yenye kilele, ikamtoka na makengeza. Akaifumua, akairudia, akaifumua tena. Mwishowe akaifanya kama mlango: miguu miwili imesimama wima, juu ni bapa, pembe zimekatwa. Hakuwahi kugusa kompyuta, lakini alikuwa ameifikia kanuni ile ile ya Chicago kwa njia ya sindano. Na Kare naye alifundishwa na mama yake kudarizi kwa kuhesabu nyuzi. Hata kijivu, ambacho skrini ile haikuwa nacho, kilipatikana kwa kupokezanisha nukta nyeusi na nyeupe, kama miyaa ya rangi mbili kwenye mkeka. Ukisogea mbali kidogo, rangi ya tatu hiyo hapo.

Nimeandika "nukta" makusudi, ingawa wengi huandika "pikseli". Najua nukta pia ni sekunde ya saa. Lakini mabingwa wa khati za Kiarabu hupima herufi zao kwa nukta za kalamu: kimo cha alifu huhesabiwa hivyo. Na katika maandishi hayo, ambayo Kiswahili kiliandikwa kwayo karne nyingi, nukta moja chini ni be, mbili juu ni te. Nukta moja ikihama, neno linahama. Pikseli hainiambii lolote kati ya hayo, na kazi ya Kare ilikuwa hasa kuhamisha nukta moja moja.

Turudi kwenye vitanzi. Jobs alilalamika kwamba nembo ya tofaa la Apple imejaa mno kwenye menyu, kila amri na tofaa lake. Kare akapekua kitabu cha alama mpaka akaikuta ile ya Uswidi. Baadaye Kare alichora karata za Solitaire za Windows 3.0, na mwaka 2015 jumba la makumbusho la MoMA la New York likachukua madaftari yake.

Ndugu yangu wa Morogoro, chukua daftari la hesabu, weka mpaka wa viboksi tisa kwa tisa, ujaribu kuichora alama hiyo kwa kujaza viboksi vizima tu. Katikati patakuja penyewe. Pembe za vitanzi ndizo zitakazokupa kazi.