Mahindi ya njano: usiyauze kabla hujasoma hapa



Baada ya mgawo uliopita nilikuwa napita nyumba kwa nyumba kupima mikono ya watoto. Nikamkuta mama mmoja ameuza mahindi yote ya familia kwa bei ya kutupa. Kisa? Ameambiwa kwenye foleni kwamba mahindi ya njano yametengenezwa maabara na yanafunga kizazi. Nilipompima mtoto wake wa pili, utepe ulisimama kwenye njano, yaani hatua moja kabla ya nyekundu.

Sikumcheka. Kuuliza unachokula ni haki yako, hata kama umepewa bure.

Kwanza, rangi. Njano ya mahindi ni ya asili, na inatokana na virutubisho ambavyo baadhi yake mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Afrika Kusini inalima mahindi meupe yaliyobadilishwa vinasaba tangu 2001, kwa hiyo macho hayawezi kukuambia lipi ni lipi.

Vinasaba ni maelekezo yaliyomo ndani ya kila kiumbe. Wataalamu huchukua kinasaba cha kiumbe kimoja na kukitia kwenye mmea, mfano ili mahindi yasitobolewe na funza. Hofu ni kwamba kinaweza kuleta na jambo ambalo halikukusudiwa. Hofu hiyo si ya kijinga. Miaka ya 1990 huko Marekani watafiti walitia kwenye soya kinasaba cha kokwa za Brazil ili kuongeza lishe. Walipopima damu ya watu wenye mzio wa kokwa hizo, wakakuta mzio umehamia kwenye soya. Matokeo yalitangazwa mwaka 1996, na soya hiyo haikuuzwa kamwe.

Kipimo kilifanya kazi yake. Tangu 2003 kuna miongozo ya kimataifa: kila zao hupimwa peke yake, likilinganishwa na ndugu yake wa kawaida kwa virutubisho, sumu na mzio. Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya aina hii vilivyoko kwenye soko la kimataifa vimepita vipimo hivyo, na katika nchi zilizoviruhusu havijaonekana kudhuru afya za walaji. Habari ya kufunga kizazi haina ushahidi.

Serikali nazo hutofautiana. Mwaka 2002, wakati wa njaa, Zambia ilikataa msaada wa mahindi hayo. Malawi iliyapokea, ila ikataka yasagwe kwanza ili watu wasiyapande.

Mimi kinachoninyima usingizi ni ukungu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa sumu ya ukungu. Walikula mahindi ya kawaida kabisa, mengi ya mashambani kwao, yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi. Kupika hakuondoi sumu hiyo.

Basi weka gunia juu ya mbao au mawe, mbali na ukuta unaovuja. Chambua punje zilizooza au zenye rangi ya kijani au nyeusi, na usiwape kuku. Gunia likiwa limeharibika lote, lirudishe kwenye dawati la malalamiko siku hiyo hiyo. Ukiona macho ya njano, tumbo kuvimba au kutapika, nenda zahanati. Ukipata vipele baada ya kula, tueleze ulikula nini.

Mtoto wa yule mama sasa anapata uji wa lishe. Mgawo ujao ameniomba tuchambue mahindi pamoja.