Ngozi Nyeusi Si Ugonjwa

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wengi hulificha. Jambo hilo ni kuuchukia mwili wako mwenyewe. Mtu hujitazama kwenye kioo akaona aibu. Mmoja husema, "Mimi ni mweusi mno." Mwingine husema yeye ni bonge, au ni kimbaumbau. Kila mtu huweza kuwaza hivyo siku moja mbili. Lakini wazo hilo likikaa moyoni kila siku, huweza kuleta ugonjwa.

Tuchukue mfano. Binti wa miaka 18 anaishi katika kijiji kilicho juu ya Soni. Tangu utotoni wenzake humtania kwa weusi wake. Shangazi yake naye husema mbele ya wageni, "Mzuri ni yule mdogo wake." Shangazi anafanya mzaha. Binti anacheka, lakini usiku halali. Hutazama picha za wasichana weupe kwenye simu. Hajui kwamba simu yenyewe huweza kuing'arisha sura ya mtu. Siku ya gulio anauza kabichi, kisha ananunua kopo la mafuta ya kujichubua.

Mkorogo ni nini?

Mkorogo ni mchanganyiko wa mafuta, sabuni na dawa za kuichubua ngozi. Rangi yetu nyeusi hutengenezwa na mwili wenyewe. Kazi yake ni kutukinga na jua. Huku milimani baridi hutudanganya, lakini jua la Usambara ni kali. Anayejichubua anaivua kinga yake.

Ndani ya makopo hayo huweza kuwamo dawa tatu za hatari:

1. Zebaki. Ni ile ile ambayo wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu. Hupenya katika ngozi na kuharibu figo. Miguu huvimba na mkojo huwa na povu. Huharibu pia ubongo na mishipa ya fahamu. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, na mtu huwa na wasiwasi na huzuni. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Watoto wa nyumbani nao huipata kwa kuguswa na mikono au taulo zenye mafuta hayo.

2. Haidrokwinoni. Ikitumika muda mrefu huleta madoa meusi mashavuni na kwenye viungo vya vidole. Madoa hayo ni vigumu kuyaondoa.

3. Steroidi. Hii ni dawa ya hospitali kwa magonjwa fulani ya ngozi. Ikipakwa ovyo, ngozi huwa nyembamba na kupata michirizi. Vidonda huchelewa kupona, hata mshono wa mama aliyejifungua kwa kupasuliwa.

Basi angalia, ndugu. Binti alijipaka ili apate furaha. Zebaki inamwongezea huzuni. Madoa yakitokea, anajichukia zaidi, naye anaongeza mkorogo.

Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Hata hivyo makopo haya bado hupitishwa kwa siri mpaka vijijini.

Sasa unajua kusoma. Basi soma kopo kabla ya kununua. Ukiona neno "mercury", "calomel" au "hydroquinone", rudisha. Likisema usiguse dhahabu wala fedha ukiwa umejipaka, hiyo ni dalili ya zebaki. Likiwa halina maandishi yoyote, liache kabisa. Wakati wa baridi, ngozi ikikauka, mafuta ya nazi ya kawaida yanatosha.

Dalili za moyo ulioumia

Mtazame mwenzako. Je, amejitenga na watu? Hataki tena kwenda gulioni, msikitini au kanisani kwa sababu ya sura yake? Anakataa chakula ili apungue, au anakula kwa siri? Halali, analia, hana nguvu ya kazi? Hali hiyo ikiendelea kwa wiki 2 au zaidi, huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Huwapata wanawake na wanaume. Si uvivu, wala si kurogwa. Unatibika.

Mtu akisema hataki kuishi, usimwache peke yake. Ondoa kamba na dawa za shambani karibu naye. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Tufanye nini?

Kwanza, wazazi na mashangazi, tuache kulinganisha watoto kwa rangi na umbo. Neno la mzaha huweza kukaa moyoni miaka mingi.

Pili, wewe uliyekwisha kujichubua, usione aibu. Njoo zahanati na makopo yako yote. Kama ulitumia steroidi muda mrefu, usiache ghafla bila kumwona mganga. Ngozi huweza kuwasha na kuwaka. Mganga atakuelekeza namna ya kuacha.

Tatu, tusiogope matibabu ya akili. Huanzia zahanati, kisha hospitali ya wilaya Lushoto. Katika milima yetu hii, upande wa Korogwe, hospitali ya Lutindi imekuwa ikiwatunza wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904. Lakini wagonjwa wengi wa sonona hutibiwa huku wakiishi nyumbani kwao.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Watoto wa kijiji chetu huitwa majina gani ya kudhihaki miili yao?
2. Kwa nini mtu mwenye zebaki mwilini huweza kuwa na huzuni?
3. Utamwambia nini jirani anayeuza mkorogo gulioni?