Watoto Wenye Kisukari Wanahitaji Muuguzi Asiyehamahama

Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza humwona daktari kwa dakika chache tu, mara moja kwa mwezi au hata kwa miezi mitatu. Siku nyingine zote yuko nyumbani, darasani, uwanjani au likizo kwa bibi yake, na huko kote anaishi kwa insulini aliyodungwa na mtu ambaye hakusomea utabibu: mama, dada mkubwa, au yeye mwenyewe akishakua. Kliniki ya watoto hawa kazi yake kuu ni kumfundisha mtu huyo na kuwa karibu naye anapokwama. Hiyo ni kazi ya uuguzi. Ndiyo maana nashikilia kwamba huduma hii iongozwe na muuguzi aliyebobea, mwenye madaraka ya kweli, akifanya kazi bega kwa bega na daktari.

Ugonjwa wenyewe huanza pale kinga ya mwili inapogeuka na kushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Haukuletwa na soda wala pipi, na mama hakukosea lolote alipokuwa mjamzito. Maneno hayo kila familia hapa kwetu lazima iyasikie siku ya kwanza, baba na bibi wakiwapo, kwa sababu lawama za ukoo humfanya mama aufiche ugonjwa, na mtoto aliyefichwa hachomwi sindano shuleni. Insulini ikikosekana, sukari hurundikana kwenye damu ilhali mwili una njaa; mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kuzalisha asidi. Mtoto hunywa maji kupita kiasi, hukojoa kila mara, hukonda, na aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza upya. Hatimaye hutapika na kuhema kwa nguvu.

Kituo cha afya kilichozoea malaria na nimonia huziona dalili hizo na kuandika malaria au nimonia. Mtoto akitundikiwa dripu ya glukosi, hali yake huzidi kuwa mbaya. Tone moja la damu kwenye mashine ya kupimia sukari lingeonyesha ukweli: mtoto mwenye dalili hizo akikutwa na 11.1 mmol/L au zaidi ana kisukari, na anatakiwa kufika hospitali siku hiyohiyo. Kwa hiyo muuguzi kiongozi asiyetoka kwenda zahanati na vituo vya jirani kuwafundisha wenzake atawapata watoto wachache tu, wale waliobahatika kufika hai.

Insulini ilianza kumwokoa mgonjwa Januari 1922, mjini Toronto, mgonjwa mwenyewe akiwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson. Kabla ya hapo matibabu yalikuwa kumnyima mtoto chakula ili aishi wiki au miezi kadhaa zaidi. Haikuchukua muda mrefu, daktari Elliott Joslin wa Boston akaona kuwa dawa pekee haitoshi, akawa anawatumia wauguzi waliofundishwa kufuata familia majumbani. Karne moja imepita na jambo hilo halijabadilika.

Pana kipindi kimoja kinachowajaribu wauguzi kuliko vingine vyote. Wiki chache baada ya kuanza sindano, kongosho huweza kupumua kidogo na kutoa insulini yake tena. Dozi hushuka, mtoto hunenepa, hucheza. Mama aliyekwisha kumpeleka mtoto kwenye maombi au kwa mganga huona jibu limepatikana. "Sista, mwanangu amepona, niache sindano?" Muuguzi aliyeletwa kliniki juzi atamkaripia, na mama hatarudi. Muuguzi mwenye uzoefu alikwisha sema mapema, siku mtoto aliporuhusiwa kutoka wodini: "Mama, dozi itapungua, na watu watakuambia amepona. Unafuu huo utakwisha. Endelea kuomba, na sindano usiikose hata siku moja. Ukipata wasiwasi nipigie." Sentensi hizo nne, zikisemwa kwa wakati wake na mtu ambaye mama anamjua kwa sura, zimewabakisha hai watoto wengi kuliko mabango yote ya ukutani.

Kuhifadhi insulini nako kuna elimu yake. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na kikigandishwa kimeharibika. Nyumba isiyo na friji isikate tamaa. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza hali halisi ya joto katika kambi ya Dadaab, Kenya, na mwaka 2021 wakachapisha matokeo: insulini iliyokaa kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4 ilibaki na nguvu yake. Chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa, kikiwekwa kivulini mbali na bati, kinasaidia sana.

Shuleni tatizo ni jingine. Mwalimu anayemkatalia mtoto ruhusa ya kwenda chooni huenda anamkatalia mtoto ambaye sukari yake imepanda, na anayemwadhibu kwa "kusinzia" huenda anamwadhibu mtoto ambaye sukari yake imeshuka. Chini ya 4 mmol/L mtoto hutetemeka, hutoka jasho, hukasirika bila sababu, huchanganyikiwa. Apewe soda ya kawaida nusu glasi, au vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akipoteza fahamu asiwekewe kitu chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Muuguzi ndiye wa kulipeleka somo hili kwa mwalimu mkuu, ana kwa ana. Barua peke yake huishia kwenye faili.

Sasa niseme jinsi ninavyoipima huduma. Huwa naomba daftari la wagonjwa. Naangalia kama kuna anayejua ni mtoto gani hakuja kliniki mwezi huu, na kama alipigiwa simu kabla ya wiki kwisha. Kisha naangalia hesabu ya dawa. Kichupa cha mililita 10 kina uniti 1,000. Mtoto wa kilo 30 anayetumia uniti 30 kwa siku, kichupa kimoja kinamtosha mwezi. Kijana wa kilo 60 aliyebalehe, ambaye homoni zake zinaipinga insulini, anaweza kuhitaji zaidi ya uniti 70 kwa siku, yaani vichupa viwili na zaidi. Anayeagiza dawa kwa idadi ya vichwa bila kutazama uzito na umri atawapunja vijana, ambao ndio hao hao walio katika umri wa kuchoka sindano na kuziruka kwa siri.

Miradi ya Life for a Child, ulioanza mwaka 2000, na Changing Diabetes in Children, ulioanza 2009, imeleta insulini ya bure kwa watoto wengi wa Afrika Mashariki. Tunashukuru kwa moyo wote. Lakini muuguzi aliyefundishwa kwa gharama kubwa akipangiwa wodi ya upasuaji baada ya muda mfupi, anaondoka na majina, sura, namba za simu na imani ya familia. Anayekuja huanza sifuri, na watoto wanalipia.

Uingereza iliamua kutumia fedha: mwaka 2012 hospitali za England zilianza kulipwa kwa kila mtoto mwenye kisukari zikitimiza masharti, yakiwemo mahudhurio manne ya kliniki kwa mwaka, mawasiliano manane ya ziada na ushauri saa 24. Sisi hatuna fedha hizo, ila tunayo mamlaka ya kupanga zamu.

Kwa hiyo, waganga wafawidhi na matroni, mnapoandika rosta ijayo waacheni wauguzi wawili wa kliniki ya kisukari cha watoto mahali pao kwa miaka, si kwa miezi. Wapeni mwongozo uliosainiwa na daktari unaowaruhusu kurekebisha dozi, na simu ya kliniki yenye salio.